Mfumo wa kitaalamu wa kompyuta: unavyofikia uamuzi na mahali unapotumika

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa stashahada ya TEHAMA mjini Morogoro. Tumefundishwa kwamba mfumo wa kitaalamu ni programu inayoiga uamuzi wa mtaalamu, lakini sijaelewa unatofautianaje na programu ya kawaida yenye masharti mengi ya "kama… basi". Ndani yake unafanyaje kazi, unatumika wapi, na je, bado una maana siku hizi ambapo kila mtu anazungumzia akili mnemba inayojifunza yenyewe? Ningependa kutengeneza mmoja kwa ajili ya mradi wangu wa mwisho.

Jibu:

Ndugu msomaji,

Hapo ulipokwama ndipo penye kiini cha somo zima, kwa hiyo nitaanzia hapo. Katika programu ya kawaida, maarifa ya fani na utaratibu wa kuyatumia husukwa pamoja: mwandishi wa programu ndiye anayeamua kipi kiangaliwe kwanza na kipi kifuate, na akitaka kubadilisha jambo moja hulazimika kuufungua utaratibu mzima na kuhakikisha kwamba hajaharibu kitu mahali pengine. Katika mfumo wa kitaalamu mambo hayo mawili hutenganishwa kwa makusudi. Maarifa huwekwa katika hazina yake, kila kanuni ikisimama peke yake kwa maneno ambayo mtaalamu wa fani anaweza kuyasoma na hata kuyapinga. Kando yake ipo injini ya hoja, ambayo haijui lolote kuhusu udaktari, madini wala kodi, na kazi yake ni kulinganisha kanuni na taarifa zilizopo ili kupata matokeo yanayofuata. Sehemu ya tatu ni kumbukumbu ya kazi, ambamo hukaa taarifa za shauri moja tu lililo mezani: mgonjwa huyu, mashine hii, ombi hili la mkopo.

Kwamba utengano huu ni wa kweli kulithibitika mapema katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Edward Shortliffe na wenzake walitengeneza MYCIN, mfumo wa kushauri madaktari kuhusu maambukizi ya bakteria na dawa za kuyatibu. Baadaye yaliondolewa maarifa yote ya maambukizi, likabaki ganda tupu lililoitwa EMYCIN, na ganda hilohilo lilipojazwa maarifa ya upumuaji likazaa PUFF, mfumo uliotumika kufasiri vipimo vya mapafu vya wagonjwa halisi katika hospitali moja ya San Francisco. Injini ilikuwa ileile. Programu yako yenye masharti mengi haiwezi kufanyiwa hivyo, kwa kuwa ukiiondolea maarifa hakuna kinachobaki.

Ili tuone injini ikifanya kazi, nachukua kanuni chache kutoka katika mwongozo wa kutibu watoto walio chini ya miaka 5, ulioandaliwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF katika miaka ya 1990 na unaojulikana vizuri katika zahanati zetu. Nimezifupisha kwa ajili ya kujifunza kompyuta. Asizitumie mtu kumtibu mtoto.

Kanuni ya 1: Kama mtoto ametimiza miezi 2 lakini hajatimiza miezi 12, na anapumua mara 50 au zaidi kwa dakika, basi anapumua haraka.
Kanuni ya 2: Kama mtoto ametimiza miezi 12 lakini hajatimiza miaka 5, na anapumua mara 40 au zaidi kwa dakika, basi anapumua haraka.
Kanuni ya 3: Kama mtoto ana kikohozi, na anapumua haraka au kifua chake kinabonyea ndani anapovuta pumzi, basi ana nimonia.
Kanuni ya 4: Kama mtoto ana kikohozi, na ana dalili yoyote ya hatari (hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea sana au amepoteza fahamu), basi ana ugonjwa mkali na apewe rufaa haraka.

Tuseme ameletwa mtoto wa miezi 14 mwenye kikohozi, na mhudumu amehesabu pumzi 46 kwa dakika. Injini inayosonga mbele huanza na taarifa hizi. Inazipitia kanuni na kukuta kwamba masharti ya kanuni ya 2 yametimia. Inaandika katika kumbukumbu ya kazi taarifa mpya, kwamba mtoto anapumua haraka. Taarifa hiyo haikuletwa na mtu yeyote, imezaliwa na kanuni, lakini sasa inatumika kama taarifa nyingine, na kwa kuwa kikohozi kimekwisha kuandikwa, kanuni ya 3 nayo inatimia na nimonia inatajwa. Injini huendelea kuzunguka hivyo mpaka pasiwepo kanuni inayoweza kuongeza jipya. Mtoto huyo angekuwa na miezi 10, pumzi zilezile 46 zisingefikisha masharti ya kanuni ya 1, na njia ya kwenda kwenye nimonia ingekatika pale, isipokuwa kifua kingekuwa kinabonyea.

Injini inayorudi nyuma hufanya kinyume. Hushika dhana, kwa mfano kwamba mtoto ana nimonia, kisha hutafuta kanuni ambayo hitimisho lake ni nimonia, na masharti ya kanuni hiyo yanageuka kuwa maswali mapya. Je, ana kikohozi? Kama haijulikani, anaulizwa mhudumu. Je, anapumua haraka? Hilo nalo ni hitimisho la kanuni ya 1 na ya 2, kwa hiyo injini inashuka ngazi nyingine na kuuliza umri, kisha idadi ya pumzi. Faida yake ni kwamba huuliza yale tu yanayohusu dhana iliyoshikwa, ndiyo maana MYCIN ulijengwa kwa njia hii: daktari hakujaziwa maswali yasiyomhusu mgonjwa aliye mbele yake. Kusonga mbele kunafaa zaidi pale ambapo taarifa zote zimekwisha kuwepo na kinachotakiwa ni kujenga kitu kutokana nazo, kama nitakavyoonyesha baadaye.

Zingatia pia kwamba mtoto mmoja anaweza kutimiza masharti ya kanuni ya 3 na ya 4 kwa pamoja. Katika programu ya kawaida, ile iliyoandikwa juu ndiyo ingeshinda, na mara nyingi mwandishi hata asingejua kwamba amefanya uamuzi wa kitabibu kwa kupanga mistari tu. Katika mfumo wa kitaalamu uamuzi huo unapaswa kutamkwa: injini hupewa utaratibu wa kuchagua kati ya kanuni zinazogombea, kwa mfano kuipa kipaumbele iliyowekewa uzito mkubwa, au yenye masharti mahususi zaidi, au iliyochochewa na taarifa mpya kabisa. Hapa kipaumbele lazima kiende kwenye kanuni ya 4, na lazima kiandikwe ili mtu mwingine aweze kukisoma.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu ndilo linaloipa mifumo hii thamani yake. Kwa kuwa kila hatua ilipitia kanuni inayojulikana, mfumo unaweza kuulizwa. Mtumiaji wa MYCIN alipoulizwa jambo aliweza kuuliza naye kwa nini anaulizwa, na mfumo ukamwonyesha kanuni iliyokuwa ikifanyiwa kazi. Na alipopewa hitimisho aliweza kuuliza limefikiwaje, akaonyeshwa mnyororo wa kanuni zilizotumika. Katika mfano wetu mhudumu akiuliza kwa nini anatakiwa kutaja umri, jibu ni kwamba kikomo cha kupumua haraka hutofautiana kati ya aliye chini ya miezi 12 na aliyevuka umri huo. Jibu hilo humfundisha asiyelijua, na humpa anayelijua nafasi ya kukamata kosa. Mtaalamu akiona kanuni mbovu anaweza kuinyooshea kidole na kusema hii hapa ndiyo yenye kosa. Nimesoma maelezo mengi yanayoitaja sehemu hii ya kujieleza kama pambo la mwishoni. Mimi naiona kuwa ndiyo sababu ya kuyaandika maarifa kwa namna hii tangu mwanzo.

Maarifa ya wataalamu hayana uhakika kamili kila mara, na hapo MYCIN ulileta njia yake. Kila kanuni ilipewa kiwango cha uhakika, kuanzia -1 kwa jambo lililokanushwa kabisa hadi 1 kwa lililothibitishwa. Kanuni mojawapo inayojulikana sana ilisema kwamba kama maambukizi ni ya bakteria waliomo katika damu, na sampuli imetoka mahali ambapo kwa kawaida hapana vijidudu, na inashukiwa kwamba waliingilia katika njia ya chakula, basi kuna ushahidi wa 0.7 kwamba bakteria hao ni wa jamii ya Bacteroides. Kanuni mbili zikiunga mkono hitimisho moja, nguvu zao huunganishwa: yenye 0.6 na yenye 0.4 hutoa 0.6 + 0.4 × (1 − 0.6), yaani 0.76. Ushahidi unaongezeka bila kuvuka 1, na kanuni ipi ilitangulia haijalishi. Njia hii ni rahisi kuijenga, lakini ina kasoro ya msingi: huchukulia kwamba ushahidi wa kwanza na wa pili havitegemeani, ilhali katika mwili wa mgonjwa dalili mbili mara nyingi hutoka katika chanzo kimoja na hivyo huhesabiwa maradufu. Ndiyo sababu katika miaka ya 1980 watafiti wengi walihamia kwenye mitandao ya uwezekano iliyoendelezwa na mtafiti Judea Pearl, ambayo huonyesha wazi kipi kinategemea kipi. Kwa mradi wa stashahada, ningekushauri uchague fani ambayo kanuni zake ni za ndiyo au hapana, uuache kwanza mzigo huo.

MYCIN ulikuwa mzuri kiasi gani? Katika tathmini iliyochapishwa mwaka 1979, wataalamu wa maambukizi walipewa mapendekezo ya matibabu ya wagonjwa 10 wa homa ya uti wa mgongo bila kujua yapi yametoka kwa kompyuta na yapi kwa madaktari. Mapendekezo ya MYCIN yalikubalika kwa asilimia 65, na ya madaktari bingwa wa Stanford kati ya asilimia 42.5 na 62.5. Hata hivyo haukuwahi kutumika katika matibabu ya kila siku. Shauri moja lingeweza kuchukua nusu saa ya kuchapa majibu kwenye mashine iliyokuwa mbali na kitanda cha mgonjwa, na suala la nani atawajibika mfumo ukikosea lilikuwa halijapata jibu. Mfumo unaweza kuwa sahihi na bado usiwe na nafasi katika kazi ya watu.

Uliotumika hasa, na kwa faida kubwa, ulikuwa wa kibiashara. Kampuni ya Digital Equipment ya Marekani iliuza kompyuta za VAX ambazo kila mteja aliagiza kwa mchanganyiko wake wa vipande, na oda nyingi zilifika na nyaya zilizopungua au vipande visivyopatana. John McDermott wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon alianza mwaka 1978 kutengeneza XCON, uliosonga mbele kutoka kwenye oda ya mteja hadi kwenye mpangilio kamili wa kompyuta, ukiongeza kilichokosekana na kuonyesha kila kipande kitakaa wapi. Ulianza kutumika mwaka 1980, na kufikia mwaka 1986 ulikuwa umepitia takriban oda 80,000 kwa usahihi wa asilimia 95 hadi 98. Akiba iliyotokana nao ilikadiriwa kuwa dola milioni 25 kwa mwaka. Lakini bidhaa mpya zilitoka kila wakati, na kanuni zilizoanza kwa mamia zikafikia maelfu, hivi kwamba ilihitajika timu ya kudumu ya kuzirekebisha. Kila kanuni inayoongezwa inaweza kugombana na zilizotangulia. Gharama hiyo ya matunzo, kuliko udhaifu wowote wa injini, ndiyo iliyowavunja moyo wengi waliokimbilia mifumo hii katika miaka ya 1980.

Gharama ya pili ni ya kuyapata maarifa yenyewe. Edward Feigenbaum, ambaye tangu mwaka 1965 alishirikiana na Joshua Lederberg, Bruce Buchanan na Carl Djerassi kutengeneza DENDRAL, mfumo wa kutambua muundo wa kemikali kutokana na vipimo vya uzito wa vipande vya molekuli, alilitaja jambo hili kuwa ndicho kikwazo kikuu. Mtaalamu mzoefu hajui kwamba anajua. Fundi wa pikipiki husikia mlio wa injini akataja ugonjwa wake, lakini ukimwomba akuandikie kanuni atakupa zile zilizomo katika vitabu, ambazo sizo anazozitumia. Njia inayofaa ni kumwekea mbele mashauri halisi, moja baada ya jingine, na kumuuliza kila mara ameona nini na kipi kingemfanya abadili mawazo. Kazi hiyo huchukua miezi, na haiwezi kufanywa na mwanakompyuta anayeona haya kuuliza maswali yanayoonekana ya kijinga.

Kuhusu matumizi ya leo, mengi hayabebi tena jina la mfumo wa kitaalamu. Programu ya hospitali inayomwonya daktari kwamba dawa mbili haziendi pamoja, ya benki inayochuja maombi ya mikopo, ya kodi inayomwongoza mlipaji katika fomu, ya kampuni ya bima inayokagua madai, zote kwa kawaida zina kanuni zilizoandikwa kando na injini inayozitekeleza. Ziko pia katika utafutaji wa hitilafu za mitambo na katika utafiti wa madini, ambako PROSPECTOR wa taasisi ya SRI huko California ulitangulia mwishoni mwa miaka ya 1970.

Lakini mfano unaokuhusu zaidi uko mkoani kwako. Mwongozo ule wa watoto umekuwa ukigeuzwa kuwa wa kielektroniki Tanzania kwa muda mrefu. Utafiti uliofanyika Mtwara na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba wahudumu walipoongozwa na kifaa cha mkononi walifuata hatua nyingi zaidi za mwongozo, na muda wa kumhudumia mtoto ulikaribia ule wa kawaida. Baadaye likaja jaribio la ePOCT+ katika vituo 40 vya afya ya msingi mikoani Mbeya na Morogoro, likiihusisha Taasisi ya Afya Ifakara, kituo cha Mbeya cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) na washirika kutoka Uswisi. Mhudumu hujaza dalili na vipimo kwenye kishikwambi, nacho humwongoza kwenye utambuzi na tiba. Kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024, antibiotiki ziliandikwa kwa asilimia 23.2 ya watoto katika vituo vilivyotumia mfumo, na kwa asilimia 70.1 katika vituo vilivyoendelea na utaratibu wa kawaida, bila kuongezeka kwa watoto ambao hali yao haikuwa imetengemaa siku ya saba. Sehemu ya mafanikio hayo inatokana na vipimo vya papo kwa papo na mafunzo yaliyoambatana nao, kwa hiyo si haki kuipa programu sifa yote. Vilevile muundo wake unakaribia zaidi mti wa maamuzi, yaani maswali yaliyopangwa kimatawi, kuliko injini kamili kama ya MYCIN. Hata hivyo tabia ile muhimu imo: madaktari walikuwa na zana ya kuchora na kurekebisha maarifa hayo bila kuandika programu. Katika nchi ambamo zahanati nyingi hazina daktari, na ambamo usugu wa dawa unaongezeka kila antibiotiki inapotolewa bila sababu, sijui matumizi ya kompyuta yanayostahili kuungwa mkono kuliko haya.

Je, akili mnemba inayojifunza yenyewe imeyafuta haya? Jibu linategemea maarifa yanakaa wapi. Programu ya simu iitwayo Nuru, inayotambua magonjwa ya mihogo kama batobato na michirizi ya kahawia kwa kamera, haikuandikiwa kanuni. Ilifunzwa kwa picha nyingi za majani, kwa sababu hakuna mtaalamu anayeweza kueleza kwa sentensi ni mpangilio gani wa vitone vya rangi unaoifanya picha kuwa ya jani lenye ugonjwa. Kazi ya namna hiyo si ya kanuni. Lakini swali la mtoto gani apewe rufaa au mwombaji gani ananyimwa mkopo, ambalo lina utaratibu uliokubaliwa na ambalo anayeathirika ana haki ya kuelezwa sababu, linahitaji mfumo unaoweza kutaja kanuni yake. Programu za siku hizi zinazoandika majibu marefu huweza kutoa sababu inayosikika vizuri ilhali siyo iliyozalisha uamuzi. Kwa maamuzi ya aina hii hilo ni hatari kubwa. Mchanganyiko ndio unaoleta matumaini: mashine iliyojifunza hutambua picha au sauti, kisha kanuni zinazosomeka huamua hatua inayofuata.

Kwa mradi wako, chagua fani finyu yenye mtaalamu unayeweza kumfikia mara kwa mara. Magonjwa ya kuku katika kata yako yanafaa ikiwa afisa mifugo atakubali kukaa nawe. Hitilafu za kompyuta na printa katika maabara ya chuo zinafaa pia, kwa kuwa fundi yupo na mashauri ni mengi. CLIPS, uliotengenezwa na NASA mwaka 1985 katika kituo chake cha Houston, ni ganda la bure lenye injini inayosonga mbele, na Prolog, lugha iliyozaliwa Marseille mwaka 1972, hurudi nyuma kwa asili yake. Usijenge injini yako mwenyewe. Muda wako wote unahitajika kwenye maarifa.

Kabla hujaandika kanuni hata moja, kusanya mashauri halisi pamoja na uamuzi wa mtaalamu kwa kila moja, kisha tenga baadhi usiyatazame mpaka mwisho, uyatumie kuupima mfumo. Mfumo utakapokosea, tafuta kanuni iliyosababisha, ipeleke kwa mtaalamu wako, na uandike ndani ya hazina alivyoirekebisha, tarehe na sababu yake, ili mtahini akikuuliza kwa nini kanuni fulani iko hivyo, aweze kuliona jibu katika mfumo wenyewe.